Nilinusurika kifafa cha mimba, sasa nina mimba tena

SWALI: Shikamoo, Mama Mkunga. Nina miaka 26, naishi Mtwapa. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne, na mimba yake ilikaribia kuniua. Presha ilipanda, nikaanza kuona vimulimuli, nikaanguka jikoni nikisonga ugali. Nilizinduka siku ya pili nimeshapasuliwa, ulimi una vidonda kwa kujiuma. Nikaambiwa ni kifafa cha mimba. Tarehe ya sindano ya kupanga uzazi ilinipita, na sasa nina wiki ya tisa. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safari ya Malaba. Anasema niamue mwenyewe. Jirani anataka kunipeleka kwa mtu mwenye chumba nyuma ya kemisti, Sh4,000, eti robo saa kazi imekwisha. Naogopa kufa, naogopa jela, na naogopa kumwacha mwanangu. Je, sheria inaniruhusu kuitoa? Nikienda hospitali wataniitia polisi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kabla ya lolote: kwenye chumba hicho usikanyage.

Nimekuwa mkunga miaka 31 na chumba kama hicho nakijua kwa wagonjwa wake. Usiku mmoja bodaboda alituletea binti wa miaka 19, leso mbili zimelowa damu. Joto lilikuwa 40, tumbo gumu kama ubao. Kila nilipomuuliza alijibu, "Nimeanguka tu, Sista." Kumbe siku nne nyuma alikuwa ameingizwa kijiti cha muhogo. Askari wa langoni alimtisha kuliko ugonjwa wenyewe, na sisi tukapoteza saa nzima tukitibu anguko ambalo halikuwapo. Alipona, lakini mji wa mimba ulitolewa. Mpaka leo nikiona leso ya rangi ile, humkumbuka.

Sasa sheria. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(4), inakataza kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Neno "afya" limo humo pamoja na "maisha", kwa hivyo si lazima mwanamke afike mlango wa kaburi ndipo asikilizwe. Kifungu hicho hakitaji sahihi ya mume wala karatasi ya polisi. Mhudumu mwenyewe naye si lazima awe daktari bingwa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtambua pia nesi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi awe na leseni na amefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito.

Upande wa pili kuna Sheria ya Adhabu, ya tangu enzi za mkoloni. Anayetoa mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Jirani yako hakukwambia kwamba chumba cha nyuma ya kemisti kinakuweka upande huu, ilhali ugonjwa uliowahi kukuangusha unaweza kukuweka upande ule wa Katiba. Mwanamke ni yule yule na mimba ni ile ile. Tofauti ni mlango aliopitia.

Mwaka 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, Nairobi, walisema Wizara ya Afya ilivunja haki za wanawake ilipoondoa miongozo ya huduma hii. Kesi hiyo ilimhusu msichana aliyetajwa kortini kwa herufi tu, JMM. Alinajisiwa, akatolewa mimba na mtu asiyefaa, figo zikaharibika, na alifariki kabla ya hukumu kusomwa. Naiweka hapa kwa sababu wapo wahudumu wanaokataa kwa kuogopa sheria ambayo hawajaisoma. Ukimpata wa namna hiyo, usibishane naye. Mwombe akuandikie rufaa uende hospitali ya kaunti.

Nenda wiki hii. Wiki ya tisa bado ni mapema, na kila wiki inayopita huongeza uzito wa kazi. Chukua kijitabu cha kliniki na barua uliyopewa ukitoka wodini, na useme mambo matatu bila kufichaficha: presha, degedege, kovu la upasuaji. Watakupima presha, mkojo na damu, na picha ya tumbo itaonyesha mimba imekaa wapi. Ikiwa nje ya mji wa mimba, au imejishika kwenye kovu, vidonge vya mtaani vinaweza kukumaliza huku ukidhani vinakusaidia.

Njia ya kuendelea na mimba pia ipo, usidhani nakusukuma huku au kule. Kuna aspirini ya kipimo kidogo, ambayo daktari huianzisha karibu na wiki ya 12 kupunguza hatari ya kifafa kurudi, kuna kliniki za mara kwa mara, na kujifungua lazima kuwe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Hatari hupungua, haiishi. Mkiona ni kuitoa, mimba changa hutolewa kwa vidonge au kwa kuvutwa kwa kifaa maalumu, na ikifanywa vyema na aliyefunzwa haileti utasa, ingawa watu husema huleta. Uulizie na njia ya uzazi inayomfaa mwenye historia ya presha kabla hujatoka hapo.

Na kama barua hii itakukuta umeshakwenda kwenye kile chumba: ukilowesha sodo mbili kwa saa moja na saa inayofuata vivyo hivyo, ukipata homa, uchafu wenye harufu au kizunguzungu, kimbilia hospitali na useme kilichofanyika. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mueleze nesi ukweli, asije akatibu anguko.

Kwa sasa tafuta mtu wa kukushikia mtoto Jumatatu asubuhi. Jirani yako akitaka kusaidia, mpe kazi hiyo.