Saa Nne ya Nani? Kwa Wanaoanza Kazi ya Data za Bahari na Visima

Naandika haya kwa vijana wanaoanza kazi ya kukusanya na kutunza data za uvuvi, za visima na za bahari katika pwani hii ya Malindi hadi Lamu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, mwanzo nikiwa mshika daftari bandarini, baadaye nikiwa mtunza hifadhidata, na makosa ninayoyataja hapa mengine nimeyaona kwa wenzangu na mengine nimeyatenda kwa mkono wangu.

Nitaanza na saa, kwa sababu hakuna jambo lililotugharimu kuliko hilo. Mvuvi wa pweza wa Mayungu, karibu na Malindi, akikwambia alishuka mwambani saa nne, ana maana ya saa nne asubuhi kwa hesabu yetu Waswahili, ambayo katika mitambo huandikwa 10:00. Kijana aliyefundishwa kujaza saa kwa tarakimu huandika 04:00 bila kusita. Kwa kazi nyingine tofauti ya saa sita huenda ikasameheka, lakini bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tangu maji yajae kabisa hadi yapwe kabisa hupita saa sita na dakika chache. Ukikosea kwa saa sita, umeyageuza maji kupwa kuwa maji kujaa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa kiwango kikubwa kuliko siku nyingine, ndizo hatari zaidi, kwani hapo maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo 04:00 ni wakati ambapo mwamba ule ule umefunikwa na maji mengi na hakuna mtu anayeweza kuutembelea kwa miguu.

Katika mradi mmoja tuliligundua kosa hili baada ya miezi kadhaa, pale mchoro ulipoonyesha pweza wengi wakikamatwa na watembea kwa miguu wakati wa maji kujaa. Mchambuzi, ambaye hakuwahi kufika Mayungu, alikuwa amekwisha kuanza kutafuta maelezo katika tabia za pweza. Ubaya ni kwamba hatukuweza kurekebisha kwa kujumlisha sita katika safu nzima, kwa sababu baadhi ya washika daftari walikuwa wamegeuza saa na wengine hawakugeuza. Tena vifaa vya kupimia joto la maji vilikuwa vimewekwa kwenye saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wakati mmoja ule ule ulikuwa 4 katika daftari, 10 katika simu na 7 katika kifaa.

Tangu hapo fomu zetu zina nafasi ya saa kama ilivyotamkwa na mvuvi, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku. Kisha saa iliyogeuzwa, ikiwa na alama ya +03:00 mwishoni, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kisha hali ya maji, yaani yanajaa au yanapwa, na kama ni bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitegemea zaidi. Mvuvi anaweza kukosea saa, lakini sijapata kumwona aliyekosea hali ya maji, na ukilinganisha kauli yake na jedwali la kupwa na kujaa utajua mara moja saa ipi ilikuwa sahihi. Tarehe nazo ziandikeni kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa maana 3/4 kompyuta moja itaisoma Aprili na nyingine Machi.

Mahali pana mitego yake. Shella iko Lamu na Shella iko Malindi, na zote mbili zina wavuvi. Jina peke yake halitoshi. Lamu na Malindi ziko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake lazima itanguliwe na alama ya kutoa. Ukiisahau kwa rekodi ya kisiwa cha Lamu, samaki wako ataonekana amevuliwa nchi kavu huko kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Somalia. Kosa hilo huonekana upesi kwenye ramani. Lisiloonekana ni la ramani za zamani za nchi yetu, zilizochorwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwenye ramani, ambazo zikichanganywa na vipimo vya satelaiti vya sasa huhamisha nukta kwa takribani mita 300, umbali unaotosha kumtoa mtu mwambani na kumweka kwenye mkondo.

Majina ya samaki nayapitia kwa ufupi. Andikeni jina alilolitaja mvuvi, hata likiwa la Kibajuni, na jina la kisayansi kando yake. Tafi wa hapa kwetu ukienda Tanzania utasikia anaitwa chafi au tasi, na bila Siganus sutor mtu wa mbali hatajua kwamba ni samaki mmoja.

Visima vinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mji wa Lamu umeyategemea kwa muda mrefu maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shella, ambayo yameelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni inayojulikana, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, hivyo kosa la sentimita chache katika kina si dogo hata kidogo. Niliwahi kuona kisima kilichoonekana kushuka ghafla kwa nusu mita, kumbe mwenyewe alikuwa amejenga ukingo mpya na mpimaji aliendelea kupima kutoka juu ya ukingo. Wekeni alama ya rangi mnapopimia, ipigeni picha, na ukingo ukibadilika liandikeni badiliko hilo siku hiyo hiyo. Kipimo cha chumvi nacho kiandikwe pamoja na kizio chake, kwani chumvi hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kifaa kimoja huonyesha maikrosimensi na kingine milisimensi, na kati yao kuna tofauti ya mara elfu moja.

Kosa lolote mtakaloligundua, msilifute kimyakimya. Daftari la awali libaki kama lilivyo, na sahihisho liwe katika safu yake likiwa na tarehe, sababu na jina la aliyesahihisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilichelewa kulielewa, nalo ni kwamba data hizi ni amana ya watu. Mvuvi anayekuonyesha chambo chake, yaani mahali anapovulia, au mwamba anaotegea malema, amekupa siri ya riziki yake. Ukiichapisha nukta ile hadharani, kesho atakuta mashua za wengine hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, zikiwemo za mahali alipo, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hakikuondolei wajibu huo. Sisi huweka majina na nambari za simu katika faili tofauti lililofungwa, na tunapotoa data kwa wengine tunataja eneo pana badala ya nukta. Hata hivyo kuficha si kuharibu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi, ikiamua kesi ya wakazi wa Lamu kuhusu bandari mpya, iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Linapozuka swali kama hilo la nani alivua na wapi, rekodi iliyotunzwa vizuri ina thamani kwa mvuvi mwenyewe kuliko kwa mtafiti.

Kwa hiyo warudishieni walichowapa. Siku moja tuliwapelekea wavuvi wa Malindi mchoro wa mavuno yao, na nahodha mmoja mzee akaweka kidole kwenye mwezi wa Julai, ulioonyesha karibu hakuna kitu. “Mwanangu,” akaniambia, “mwezi huu hatukukosa samaki, tulikosa bahari. Kusi ilikaza.” Tulirudi kwenye hifadhidata, tukakuta siku ambazo vyombo havikutoka zimejazwa sifuri, sawasawa na siku ambazo vyombo vilitoka vikarudi vitupu. Ilituchukua majuma matatu kuzitenganisha kwa kupekua madaftari ya awali, na fomu mpya sasa inauliza kwanza kama chombo kilitoka, ndipo iulize kilirudi na nini.