Vyeti vitasubiri, okoeni madaftari kwanza

Profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, akishazikwa, jamaa hukimbilia vyeti, picha za mahafali na makala zake zilizochapishwa. Madaftari ya maabara huachwa stoo, na siku mkaa ukikataa kuwaka, ndiyo yanayochanwa. Nimesaidia familia kadhaa hapa Kisumu kupanga karatasi za wazee wao waliofundisha chuoni, na ninawaambia wote wageuze mpango huo. Makala iko kwenye maktaba nyingi, lakini daftari ni hilo moja.

Chukua utafiti ambao sisi watu wa Nyanza tungepaswa kuujua zaidi. Mwaka 1986, Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake, akiwemo C. Richard Taylor wa Harvard, walichapisha katika jarida la kisayansi la Nature vipimo vya oksijeni waliyotumia wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wakitembea na mizigo, kwani oksijeni huonyesha nguvu ambazo mwili unatumia. Mama wa kilo 60 aliweza kubeba kilo 12 kichwani, yaani asilimia 20 ya uzito wake, bila mwili kutumia nguvu za ziada. Makala yenyewe ni fupi mno. Katika kazi ya aina hiyo, nani alichoka, kipimo gani kilikatwa na kwa nini, hayo hubaki kwenye daftari.

Kwa hiyo msipange upya kwa tarehe. Acheni mafungu yalivyo, andikeni namba kwa penseli, kisha mtafuteni fundi wa maabara aliyefanya kazi na profesa. Huyo anajua kuliko watoto wa marehemu. Kuna daftari tulilolitenga kwa heshima kwa sababu lilikuwa na jina “Akinyi”, mapigo ya moyo na uzito wa kilo 31. Tulimhurumia mgonjwa wa watu. Mzee fundi alipofika kutoka Ahero alicheka hadi akakaa chini. “Huyo ni mbuzi, wanangu.”

Majina ya watu halisi ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, basi zifungeni kando, wala msizipige picha za kutuma WhatsApp.

Michoro ya mapigo ya moyo ipigeni kopi mapema. Mingi iko kwenye karatasi inayochapwa kwa joto, kama risiti ya supamaketi, na hufifia. Ondoeni klipu zenye kutu na raba za kufungia. Sanduku la bati la soko la Kibuye huzuia mchwa vizuri, ila lisikae sakafuni, na msilifunge karatasi zikiwa na unyevu.

Chuo kikikubali kuzipokea, msipakie kwenye pikapu kabla ya kuandika orodha ya masanduku na kutia sahihi nakala mbili. Mkataba useme pia nani ataruhusiwa kusoma, kuanzia lini, na kama familia inaweza kupata kopi bila kulipa.