Re: Je, Yakobo alimnukuu Amosi vibaya?

Ndugu, umeuliza kwa nini Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akimnukuu nabii Amosi katika Matendo ya Mitume 15, anataja wanadamu waliosalia kumtafuta Bwana, ilhali Amosi 9:12 inasema kumiliki mabaki ya Edomu. Nukuu hiyo inafuata Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale la Kiebrania. Kwa Kiebrania "Edomu" na "adamu", yaani mwanadamu, huandikwa karibu sawa. "Kumiliki" na "kutafuta" pale hutofautiana kwa herufi moja tu!

Ila kwangu uzito uko kwenye mpangilio wa nukuu hiyo: kwanza hema ya Daudi iliyoanguka inasimamishwa, ndipo Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wanaingia, tena bila kutahiriwa. Hawaifukuzi Israeli nyumbani mwake. Soma na Warumi 11: matawi ya mzeituni mwitu, yaani Mataifa, yanapandikizwa kwenye shina lilelile la zamani.