Anti, niende peke yangu? Maswali yenu ya shoo na majibu yangu

Meseji zimekuwa nyingi tangu watu waanze kuulizia tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo. Nimechukua nane, zilizobaki zinafanana na hizi.

*"Anti shikamoo. Nina miaka 26, nakaa Magomeni hapahapa Bagamoyo. Nataka kwenda TaSUBa usiku kusikiliza muziki ila mashoga zangu wote wamenitosa. Nikienda peke yangu si watu watasema nimeenda kutafuta bwana?"*

Marahaba mwanangu. Nenda. Wa kusema watasema hata ukijifungia ndani.

Ngoja nikwambie kitu kinachoniuma mpaka leo. Mzee Hukwe Zawose alikuwa anaishi hapa hapa mjini kwetu, mtu katoka Ugogo na zeze lake na ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, kazunguka nchi za watu wanalipa hela kumsikiliza, afu sisi majirani tunapita tu na vikapu vyetu. Kila nikisikia anapiga mahali nasema ntaenda na fulani, mara fulani anaumwa, mara mumewe hajamruhusu, bas tutaenda siku nyingine. Desemba 2003 mzee akafariki. Kanda zake ninazo lakini sikuwahi kukaa mbele yake nikaona vidole gumba vinavyokwenda kwenye vile vyuma vya ilimba, na hamna wa kunirudishia hiyo. Tangu hapo mi simsubiri mtu. Akija sawa, asipokuja nimeshatoka.

Sasa ukienda peke yako, usikae mbele kabisa, kaa karibu na meza ya fundi mitambo. Yule anapanga sauti kwa masikio yake pale alipo, kwaiyo pale ndo muziki unausikia umekamilika, besi mahali pake, sauti ya mwimbaji mahali pake, na tena pana watu wa kazi, mtu akikusumbua unaye wa kumwambia. Bodaboda wa kukurudisha muweke kabla hujatoka nyumbani, awe mtu unayemjua, na mpe saa. Soda yako ifunguliwe unaona, na ukinyanyuka kwenda kucheza usije ukairudia. Mama au dada ajue uko wapi. Basi, hayo tu, mengine ni muziki.

*"Tamasha la TaSUBa ni lini na kiingilio bei gani?"*

Hili naulizwa kila wiki na nimeshajibu. Tarehe inabadilika kila mwaka, taasisi yenyewe ndo inatangaza, pita getini uulize. Limekuwepo tangu 1982, mwaka mmoja tu baada ya chuo kuanza, mtu wa Bagamoyo hatakiwi kuulizia kama mgeni.

*"Anti, juzi nilisimama pembeni ya spika shoo nzima, mpaka leo siku ya tatu masikio yananilia ngiiii. Ni kawaida?" (Kijana, Dunda)*

Sio kawaida na usikubali mtu akwambie ni kawaida. Nenda hospitali leo, omba kuonana na daktari wa masikio, na usitie mafuta ya nazi wala kitu chochote humo ndani.

Na wengine msikie. Wataalamu wanahesabu hivi: sauti ya desibeli 85 (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) mtu anaweza kukaa nayo masaa 8, afu kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwaiyo ikifika 100 una dakika 15 tu, na mbele ya spika za shoo 100 inafika bila shida. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo ndo zinazoshika sauti, zikifa hazioti tena, sio kama kidonda kinafunga. Nunueni vizibo vya masikio vya sponji, vile wanavyovaa mafundi wa mashine, pamba haisaidii kitu. Shoo ikiwa ndefu toka nje pumzisha masikio ndo urudi. Na waandaaji nao, sauti kubwa sio sauti nzuri, mnafungulia mpaka spika zinapasua hatusikii hata mtu anaimba nini, mnaua masikio ya watoto wa watu.

*"Mchumba wangu tukienda shoo anarekodi mwanzo mwisho, nikimwambia tucheze anasema namharibia video. Nifanyeje?"*

Mwambie arekodi wimbo mmoja aweke simu mfukoni. Kile kimaikrofoni cha simu hakibebi besi ya ukumbini, kesho atafungua asikie mikwaruzo tu. Akikataa nenda bila yeye. Sio kila unayempenda ni wa kwenda naye kwenye muziki, mume wangu saa tatu ameshalala, mi naondoka, yeye ananiachia taa ya nje inawaka, na tunapendana vizuri tu miaka yote hii.

*"Anti, mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Kuna taarab ya harusi nataka kwenda kutunza, lakini sina kundi. Kuna beti naipenda sana, nikinyanyuka peke yangu si itaonekana namrushia mtu maneno?"*

Aah, hapa umenigusa. We unatoka Tanga, mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji uliomkuza mwimbaji Bi Shakila, sijui kama vijana wa huko mnajua mmekalia nini. Vikundi vile ndo vilivyotia magitaa ya umeme kwenye taarab vikaipa mwendo wake, ikasikika pwani nzima.

Ndio, ukinyanyuka kwenye beti ya mafumbo watu wataangalia umeinuka kwenye neno gani na jicho lako limekwenda wapi. Taarab iko hivyo, noti unayomshikisha mwimbaji ni kama umesema "na mimi nasema hivyo hivyo". Watu wakiwa kundi, fumbo linagawanyika, hajulikani nani hasa kamlenga nani. Peke yako linakuwa lako zima. Kwaiyo kama hugombani na mtu, nyanyuka kwenye kiitikio au kwenye beti ya mapenzi au ya kumsifu bibi harusi, macho kwa mwimbaji, nenda taratibu na mwendo wa ngoma, mpe noti yake, rudi ukae. Usigeuke nyuma kucheka na meza yoyote. Na kama unagombana na mtu, nakuomba uiache hiyo beti, harusi ni ya watu na nimeshaona harusi ikivunjika viti kwa noti ya elfu mbili.

*"Mtoto wangu ana miaka minne, nije naye?"*

Mchana kwenye ngoma na sarakasi mlete, aone. Usiku kwenye spika hapana.

*"Nimelipa kiingilio, msanii kaja na flashi yenye nyimbo zake, kaimba juu ya wimbo wake uleule wa redioni nusu saa kaondoka. Nimeibiwa au mi ndo sielewi muziki?"*

Umeuziwa kitu sio chenyewe, na hili mi nitalisema mpaka nichoke. Angalia tu, maiki ikitoka mdomoni sauti inaendelea, ngoma unaisikia na mpiga ngoma hayupo jukwaani, hiyo ni pleibeki, ungebaki kwako ukafungua redio. Muziki wa jukwaani ni kwamba kitu kinatokea pale pale. Bendi kama Msondo, watu wapo tangu 1964 wakiitwa NUTA Jazz, au Sikinde tangu 1978, mpiga solo akiona watu wamenyanyuka anarefusha sebene, mpiga tumba anamjibu, wimbo wa jana na wa leo haufanani hata ukiwa na jina moja. Hapa kwetu tuna chuo vijana wanakaa darasani kujifunza ngoma, marimba, zeze, afu siku ya shoo jukwaa anapewa mtu na flashi na wale wanabebeshwa viti. Inaniuma sana. Siku nyingine kabla hujalipa piga ile namba ya kwenye tangazo uliza, bendi ipo au haipo? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, haipo.

*"Tunakuja wanne toka Dar na gari moja. Shoo ikiisha turudi usiku huohuo au tulale?"*

Laleni. Ni zaidi ya kilomita 60, saa nane za usiku, dereva kachoka na pengine kanywa, njiani bodaboda hazina taa. Chumba shikeni mapema, siku za tamasha nyumba za wageni zinajaa, mkichelewa mtalala kwenye gari na mbu. Kama ni lazima mrudi, asiyekunywa mmchague huko huko Dar kabla hamjawasha gari, na funguo akae nazo yeye usiku mzima.