Katauti: si kila gari inaitaka

*Altezza yangu ina injini ya 3S-GE, haina turbo wala haijaguswa. Nikiifungia katauti, yaani tundu lenye kizibo cha kufungua na kufunga, la kutolea moshi nje kabla ya sailensa, nitapata nguvu kiasi gani? (Mwanakwerekwe)*

Utapata kelele. Sailensa ya injini kama hiyo haikabi kiasi cha wewe kuhisi tofauti barabarani. Pesa hizo nunua matairi mazuri.

*Na IST?*

Hapana. Swali hili naletewa kila mara, na jibu ni hilo hilo.

*Nina WRX ya turbo, bomba inchi 3. Fundi anataka kuifunga karibu kabisa na injini, eti ndipo mlio unapokuwa mtamu. (Amani)*

Mkatalie. Kwa turbo katauti ina maana, kwa sababu moshi ukishapita kwenye turbo unataka njia nyeupe. Lakini ikae baada ya masega (kile chujio cha kusafisha moshi) na baada ya sensa zote za oksijeni, kabla ya sailensa. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa ikiionja hewa hiyo, kompyuta hudhani petroli ni kidogo na kuiongeza. Matokeo yake plagi nyeusi, taa ya injini inawaka, na tangi linakauka hujafika Fumba. Mdomo wake uelekee mbali na paipu za petroli na za breki. Tena funga geji ya busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, kwanza: njia ikipanuka, busti inaweza kupanda mpaka wasitigeti, vali inayoipunguza, ishindwe kuizuia.

*Ya umeme au ya waya wa kuvuta? (Chake Chake)*

Nyote mnauliza mota, hakuna anayeuliza kizibo. Kabla hujalipa, kifunge kizibo, iinue juani, uchungulie. Ukiona mwanga ukingoni, irudishe, hiyo itavuja tangu siku ya kwanza. Chukua ya stenlesi 304. Chuma cha kawaida hakistahimili chumvi ya pwani yetu. Mimi napendelea ya waya. Mota ikikaa chini ya gari inakula maji ya masika na vumbi, na usipoifungua mara kwa mara hukwama.

*Tangu nifunge katauti, nikiwasha AC na vioo vimefungwa kichwa kinaniuma.*

Liegeshe leo, na usimpakie mtoto humo. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua. Injini ikiwa ya baridi, iwashe mkiwa uwanjani, mtu azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene, wewe paka maji ya sabuni kwenye maungio. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Badilisha gasketi au chomelea upya. Silikoni ya dukani haitoshi.

*Usiku naweza kuifungua Darajani?*

Usifungue. Mji Mkongwe njia ni nyembamba, kuta ni za mawe, na nyuma ya kila dirisha pana mgonjwa, mtoto au mtu anayesali. Barabarani ibaki imefungwa.

*Fundi anasema nitoe na masega, hayana kazi.*

Usitoe. Kazi yake ni kusafisha moshi tunaouvuta sote, na ndani yake mna madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Muulize kwanza anayapeleka wapi akishayatoa.