Kitufe Chekundu cha Hita ya Maji: Ukikibonyeza, Tafuta na Sababu

Hapa Dodoma, hita mbovu hujulikana Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapokolea. Ndugu na majirani hunipigia simu wakiuliza kama wanunue hita nyingine. Kwa uzoefu wangu wa miaka mingi na hita za tanki, mara nyingi hakuna haja ya kununua. Hata hivyo, kile kitufe chekundu ambacho watu huambiwa wakibonyeze tu kinastahili uangalifu mkubwa kuliko kinavyopewa.

Chini ya kifuniko cha plastiki cha hita kuna thamostati, ambayo hukata umeme maji yanapofikia joto ulilochagua. Pamoja nayo ipo kinga ya pili, ambayo hukata umeme iwapo thamostati imeshindwa kazi na maji yanazidi kupanda joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 95. Kinga hiyo ikishakata hairudi yenyewe, na kitufe chekundu ndicho cha kuirudishia. Kwa hiyo, kitufe kikiruka, hita inakuarifu kwamba kuna kitu kimepata joto lisilo la kawaida.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kwamba uniti za LUKU zipo na kwamba sakiti breka ya hita haijajizima. Kisha tazama taa ya hita. Katika hita nyingi, taa isipowaka ilhali maji ni ya baridi, umeme haufiki kwenye elementi, yaani chuma kinachopasha maji joto ndani ya tanki, na hapo kinga au thamostati ndiyo ya kushukiwa kwanza; taa ikiwaka saa nzima na maji yakabaki baridi, elementi yenyewe imekatika.

Ukiamua kufungua, zima sakiti breka, wala usitegemee swichi ya bafuni peke yake, kwa sababu katika nyumba zilizofungwa nyaya vibaya swichi hiyo huweza kukata waya usio na moto na kuacha wenye moto ukiendelea kusubiri mkono wako. Fungua kifuniko, pima kila ncha ya waya kwa tesita, kisha bonyeza kitufe kwa nguvu kiasi. Ukisikia mlio mdogo wa kubofya, kinga ilikuwa imekata na sasa imerudi. Usiposikia kitu, ama maji bado ni ya moto mno na inabidi yapoe kwanza, ama tatizo liko kwingine.

Kifuniko kikiwa bado wazi, chunguza mahali nyaya zinapoingia kwenye thamostati. Skrubu iliyolegea hupata joto, na joto hilo huweza kuirusha kinga hata kama maji hayajachemka. Utaona plastiki imegeuka rangi ya kahawia, ganda la waya limekakamaa na kupasuka, na harufu ya kuungua haijaisha. Hapo waya ukatwe hadi sehemu safi na thamostati ibadilishwe. Kukaza skrubu pekee hakutoshi.

Kitufe kikiruka tena baada ya siku chache, usiendelee kukibonyeza. Yaelekea thamostati imeganda na haikati tena, au elementi imefunikwa na chokaa. Maji yetu ya visima vya Mzakwe huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko huohuo hujijenga juu ya elementi, ukazuia joto kutoka hadi elementi ikaungua. Mwenye multimeta anaweza kuipima: elementi ya wati 1,500 kwa umeme wa volti 230 husoma takriban omu 35, na iliyokatika haisomi kitu. Sakiti breka ya kinga ya mshtuko ikiruka mara tu unapowasha hita, elementi huenda inavujisha umeme ndani ya maji, na hapo hita izimwe mpaka fundi umeme afike.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila ninapolikuta. Fundi huitwa kwa kitufe kinachoruka mara kwa mara, naye huunganisha nyaya moja kwa moja na kuiruka kinga. Maji yanachemka, mwenye nyumba anafurahi na kulipa. Ukiongeza na vali ya usalama iliyozibwa kwa sababu ilikuwa inadondosha maji, tanki linabaki bila kitu cha kulizuia lisipasuke, nalo liko juu ya kichwa cha mtoto anayeoga. Ninakusihi usikubali kazi ya namna hiyo nyumbani kwako. Maji ya lita 50 yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa takriban robo tatu ya lita, kwa hiyo matone ya vali wakati hita inafanya kazi ni ya kawaida. Kinachohitajika ni mpira wa kuyapeleka kwenye mfereji. Vali ikidondosha mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, ibadilishwe.

Fundi anapofungua tanki kuondoa chokaa, mwambie atazame pia fimbo ya magnesiamu, ambayo huliwa na kutu badala ya tanki. Ikibaki waya mtupu, weka nyingine.

Baada ya matengenezo, na pia baada ya mgao mrefu wa maji, fungua kwanza koki ya maji ya moto na uiache mpaka maji yatoke mfululizo bila kupiga hewa. Elementi ikiwashwa katika tanki lisilo na maji huungua kwa muda mfupi sana. Maji yakishatoka sawasawa, funga koki, rudisha kifuniko, ndipo uwashe umeme.