Kumchora baharia kwa rangi za maji mkiwa safarini

Msomaji mmoja ameuliza: anasafiri kwa jahazi kutoka Unguja kwenda Lamu, na anataka kumchora mmoja wa mabaharia bila picha kuharibika njiani. Inawezekana, na si lazima uwe umesomea uchoraji. Gabriel Bray, luteni kwenye manowari ya Uingereza HMS Pallas, alifanya hivyo mwaka 1775 katika safari ya Afrika Magharibi. Picha zake zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, nazo zinafundisha: baharia mmoja amebeba kitanda chake cha bembea, mwingine yuko juu ya nanga na askari wa majini wakivua samaki. Aliwachora wakiwa kwenye shughuli zao.

Nawe mchore mshika usukani. Anakaa tezi (nyuma ya chombo), mkono kwenye kana (mpini wa usukani), habanduki muda mrefu, na macho yake yako kwenye tanga. Muombe ruhusa yeye na nahodha, kisha kaa pembeni usimzibe. Shida huja jahazi linapobisha, yaani linapogeuza upande kukata upepo: jua linahama ghafla kutoka shavu moja kwenda jingine. Kwa hiyo dakika tano za mwanzo chora kwa penseli laini ya 2B mipaka yote ya vivuli, na uishike hiyo hadi mwisho. Ukikifuata kivuli kipya, pua itakuwa na giza pande zote mbili na uso utaonekana umevimba.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, iliyogundishwa kingo zote, isizidi A5. Beba nusu lita ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) katika chupa mbili, moja ya kuoshea brashi na nyingine ya kuchanganyia. Usichote maji ya bahari hata kidogo. Lita moja ina chumvi gramu 35 hivi. Maji yakikauka chumvi inabaki kwenye karatasi, inavuta unyevu wa hewa, na rangi inaacha madoadoa.

Kwa ngozi nyeusi, rangi tatu zinatosha: oka ya njano (njano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) na bluu ya altramarini (bluu iliyokolea). Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ni siena nyepesi yenye oka kidogo. Acha karatasi wazi kwenye paji la uso na ncha ya pua panapong'aa. Mkono wa pili, siena na bluu kidogo, upite kwenye vivuli tu. Wa tatu ni mchanganyiko huohuo ukiwa mzito, kwa tundu za pua, mstari wa midomo na chini ya kofia. Rangi nyeusi ya tyubu iache, inaifanya ngozi iwe ya majivu.

Kabla ya kila mkono, gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ikiwa baridi, bado ni mbichi hata kama haing'ai, na maji mapya yatasukuma rangi na kuacha ukingo wenye meno katikati ya shavu. Wengi wanaharibu hapa, kwa sababu hewa ya bahari inachelewesha kukauka.

Kitu kinachoupa uso ubahari ni mwanga wa chini. Maji yanarudisha mwanga, kwa hiyo chini ya taya hapawi giza tupu. Pitisha bluu nyepesi. Macho nayo yamefinywa kwa jua: mstari mmoja wa kope na kivuli vinatosha, usitafute weupe wa jicho. Kaa kivulini unapopaka, maana juani karatasi inameremeta na utajikuta umekoleza kupita kiasi.

Picha iingie kwenye mfuko wa plastiki baada ya kukauka kabisa tu, la sivyo itaota kuvu. Ukifika nyumbani, weka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati kati ya picha na kioo cha fremu. Kwenye joto la pwani kioo hutoa jasho, na karatasi inayokigusa hunata.